Muziki ya ordinatere ya papa, na masikio ya wafanyakazi



Siku moja mwezi uliopita nilikuwa nimetoka kazi ya usiku, nakula bukari na sombe ku barza. Mtoto wangu wa pili, mwenye miaka 15, alikuwa amelala juu ya mkeka na telefone yake. Mara nasikia muziki moja inatoka mule. Tonge ilibaki mkononi. Ilikuwa muziki ya Super Mario, ya ile mashini tuliyokuwa nayo kwa wazazi, Katuba, mwaka wa 1994.

Nikamwambia: "Hiyo inakimbia sana. Yetu ilikuwa polepole."

Akacheka. "Papa, muziki haibadilike. Wewe njo umezeeka." Halafu akasogeza telefone karibu na mimi. "Sikia vile ngoma inafanya: tss-tss, tss-tss."

Nikainamisha kichwa. Wimbo niliusikia, besi nilisikia kidogo. Tss-tss hapana. Akairudisha mara mbili, mara tatu. Mama yake akiwa ndani ya nyumba, ku jikoni, alikuwa anaisikia. Mimi niliye karibu, hapana.

Siku zile zote zilizofuata nilitafuta sababu ya hayo mambo mawili: kwa nini yetu ilikuwa polepole, na tss-tss imeenda wapi. Nimepata sababu ya yote mawili.

Papa alikuwa anatumika kwa kompanyi moja ya kusaidia mamine, jina lake tuliache. Alikuwa ku mashini ya kuponda mawe, ile tunaitaka konkasere. Wakubwa mnakumbuka mwaka ule ulikuwa namna gani. Kamoto ilikuwa imebomoka tangu 1990. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka wakati sisi tulikuwa watoto wadogo, ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30,000. Pesa mpya ilitoka mwezi wa kumi 1993, moja kwa milioni 3 za zamani, na bado ilikuwa inayeyuka mu mifuko. Mtu akipokea mshahara asubuhi, bibi anamngojea ku mlango akimbie soko mbele ya saa sita.

Mu hali ile njo papa alitumwa na kamyo Kitwe, kutafuta vyuma vya kazi. Mbele ya kwenda aliuza kinga yake. Alirudi kupitia Kasumbalesa na kartoni moja ameifunika na koti. Ku kartoni kulikuwa picha ya mtoto mzungu mbele ya televizio. Ndani, klavye nzima yenye herufi, manete mbili, na kaseti moja ya rangi ya manjano. Akatukalisha chini wote watano, akasema: "Hii ni ordinatere. Watoto wa bengine banasomea mu hii. Nanyi mutasomea." Kuanzia siku ile alikuwa anaenda kazi kwa miguu.

Sasa ninajua ilikuwa kitu gani. Ilikuwa kopi ya mashini ya Wajapani, Famicom, ambayo Nintendo waliitoa mwezi wa saba 1983. Mafundi wa Taiwan na China waliiga akili yake ya ndani, wakaivalisha magamba ya kila namna. Urusi waliiita Dendy, Polandi Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Zingine waliweka klavye juu, na kaseti ya masomo, juu wazazi wakubali kutoa pesa. Mzazi anasema ananunua shule, mtoto anajua anapata ma-jeux. Sisi Lubumbashi tulikuwa tunaita zote Nintendo, hata ile ambayo jina hilo halikuandikwa popote.

Ordinatere za nyumbani za kweli hazikufika kwetu. Wamarekani walikuwa na Commodore 64 tangu 1982. Waingereza mwaka ule ule walikuwa na ZX Spectrum ya Sinclair. Ufaransa, serikali ilinunua mashini zaidi ya 100,000 kwa mashule mwaka wa 1985, nyingi zilikuwa za Thomson. Nilipomwambia bibi yangu kama watoto wa Ufaransa walisomea mu Thomson, alicheka mpaka akakaa. Kwetu tomson ni ile samaki ya ku frigo.

Lakini papa hakudanganywa yote. Nitarudi kwa hiyo.

Siku ya kwanza tulifunga mashini ku televizio, na umeme ulikuwako, ambayo haikuwa kitu kidogo. Picha ikatoka, nyeupe na nyeusi. Sauti hapana, paka mvua. Papa akapiga televizio ku mgongo, vile wababa wote walikuwa wanafanya. Hakuna. Tulicheza juma mbili bila sauti, kama watu wanaocheza mpira ndani ya maji.

Alikuja fundi wa maradio wa avenue yetu. Huyu mzee ninamheshimu mpaka leo. Alieleza kama televizio ya Zaire inafuata SECAM, njia ya Wafaransa, na mashini yetu inafuata PAL, ile ya Waingereza na Afrika Kusini. Rangi haziwezi kusikilizana. Na sauti pia: kwa zile mashini za Afrika Kusini sauti inapita mu njia ya megahertz 6, lakini televizio yetu ilikuwa inaingojea ku 6 na nusu. Sauti ilikuwa inafika, ila ku mlango ambao hakuna mtu. Alifungua kile kisanduku kidogo cha chuma chenye waya wa kwenda televizio, ndani kuko uzi wa shaba umezungushwa kama kamba ya pia, katikati kisikurubu cheusi. Alichonga kijiti cha matete, juu chuma kingeharibu kipimo, akazungusha kidogo, kidogo, kidogo. Mara ile mvua ikakatika na muziki ikaingia mu nyumba.

Mama alitoka jikoni na mwiko. Watoto wa jirani wakajaa ku dirisha. Papa alikuwa amesimama nyuma yetu, anatabasamu, anatuangalia sisi. Leo ninajua kwa nini alikuwa anatuangalia sisi na si televizio.

Ile muziki imetengenezwaje? Watu wanafikiri kuko kanda ndani, kama kaseti ya radio. Hakuna kanda. Mashini yenyewe njo inapiga, pale pale, na ina sauti tano paka. Mbili ni za kukata, kama filimbi ya bati. Hizi zinabeba wimbo. Moja ni ya mviringo, laini, hiyo ni besi. Ya ine haina noti hata moja: ni kelele tupu, kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Wanaikata vipande vifupi, inakuwa ngoma, inakuwa sahani ya kupiga. Tss-tss. Ya tano ni ya kuingiza vipande vya sauti iliyochukuliwa nje, na ma-jeux mengi ya zamani hayakuigusa.

Na sauti zile njo Koji Kondo, Mjapani, alitengeneza muziki ya Super Mario mwaka wa 1985. Mwaka wa 2023 maktaba kubwa ya bunge la Marekani iliiweka mu orodha ya sauti za kulinda daima. Ni muziki ya kwanza ya jeu kuingia mule. Wenye Commodore 64 walikuwa na sauti tatu paka, na hata hivyo kijana mmoja Mwingereza, Rob Hubbard, alitoa mule vitu ambavyo watu wanasikiliza mpaka leo.

Mtu wa Katanga hawezi kushangaa sana. Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya, wakati Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ni kusema Likasi, na kumrekodi mwaka wa 1952, alikuwa na gita moja na vidole. Kidole gumba kinafanya besi, kingine kinafanya wimbo, na unaapa kama ni watu wawili. Kazi ni ile ile. Sauti chache, na kichwa kinachojua kuzipanga.

Sasa juu ya upole. Mashini ya Japani na ya Marekani inahesabu mara 60 kwa kila sekunde, kufuatana na televizio yao. Zile za kufuata PAL zinahesabu mara 50. Muziki inatembea na hiyo hesabu. Wengi waliokopi ma-jeux hawakusahihisha kitu. Kwa hiyo muziki ambayo kwa Mjapani inachukua dakika 5, mu nyumba yetu ilichukua dakika 6. Mtoto wangu amepata ile ya Japani ku intaneti. Mimi nilikua na ile ya Katuba. Siku nilimwonyesha hesabu, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi, papa, hapo uko na haki." Niliandika tarehe.

Nilisema papa hakudanganywa yote. Mu ile kaseti ya manjano, kati ya ma-jeux, kulikuwa na programu inaitwa BASIC. Unaandika maneno, mashini inatii. Mimi na wadogo wangu hatukuijali. Yaya wetu, mkubwa wa nyumba, alikuwa na miaka 16, anaimba mu korali ya parokia. Yeye aliangalia kile kitabu cha kartoni, cha Kiingereza ambacho hakuna mtu alikijua, akaona neno PLAY na nyuma yake herufi. Alijaribu C, mashini ikalia. Akajaribu D. Aliposhuka na kupanda mara tano sita, alipiga kelele: "Ni do! C ni do! D ni re!"

Basi akaanza. Akaona tena kama ukiweka nukta mbili kati ya herufi, mashini inapiga sauti mbili pamoja, hata tatu. Mtu wa korali anajua sauti tatu ni kitu gani. Alipanga soprano, alto na besi kama mwalimu wa korali anavyopanga watu ku ngazi ya kanisa. Alipata zamu yake usiku, kisha sisi kulala, wakati SNEL wanakubali. Na kwa vile mashini haikuweza kulinda kitu, ukizima yote inakufa, alikuwa anaandika kila mstari mu daftari ya shule. Kesho anaanza kuandika upya, mstari kwa mstari. Tulikuwa tunamcheka. Tulikuwa tunamngojea amalize tucheze.

Mwaka wa 1998 mimi nilikuwa mu darasa la sita la sekondari. Pesa ya mwaka na ya examen d'État haikuwako. Papa alikuwa na miezi mingi bila mshahara. Mashini ikauzwa kwa mtu mmoja wa Kenya (commune yetu, si ile inchi ya ku mashariki) aliyekuwa anafungua nyumba ya kuchezesha watoto kwa pesa. Mimi nikapata diplome. Yaya alikuwa ameshaacha shule ku darasa la nne, juu pesa haikutosha kwa wawili na mimi nilikuwa mwanaume. Hakuna mtu alimwuliza juu ya mashini. Asubuhi aliamka, nafasi ku meza ilikuwa tupu, kitambaa tu kimebaki. Alikunja kile kitambaa. Leo anashona nguo Kipushi, na ana wajukuu.

Hii sikuiandika mahali popote mpaka leo.

Nirudi kwa tss-tss. Nilifikiri kwanza ni telefone, juu oparlere yake ni ndogo. Nikaazima oparlere kubwa kwa jirani mwenye kuuza bia. Ile ile. Hapa kuko hadithi moja ya pembeni ambayo mtu wa Katanga anapaswa kuijua. Zamani, oparlere nzuri za dunia zilikuwa na sumaku inaitwa alnico: aluminium, nikeli na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka kwetu. Vita ya Kolwezi ya mwezi wa tano 1978 ilitisha wanunuzi, bei ya kobalti ikapanda mara nyingi, na wenye kutengeneza maoparlere, kati yao JBL, waliacha alnico wakaenda kwa sumaku ya ferrite, ambayo haina kobalti. Mpaka leo kuko watu Ulaya na Marekani wanalipa pesa mingi kwa oparlere za zamani, wanasema sauti yake ilikuwa tamu zaidi. Sauti ya dunia iligeuka juu ya vita ya kwetu, na hakuna mtu alituambia. Sasa kobalti imerudi, lakini mu batri ya telefone. Kwa hiyo muziki ya mtoto wangu bado inatoka mu mawe yetu.

Basi nilienda ku klinike moja ya masikio hapa mjini, nikalipa mwenyewe. Wanakuvalisha kaske, wanakupigia milio midogo, kuanzia ile mizito ya 250 Hertz mpaka ile miembamba ya 8,000, na wewe unabonyeza kila mara ukisikia. Halafu wanakupa karatasi yenye mstari. Mstari wangu ulitembea sawa kama njia ya Likasi, na karibu ya 4,000 ukatumbukia shimo. Sikio la kushoto zaidi. Daktari hakuniuliza kama ninatumika mine. Aliniuliza: "Ku mashini gani?"

Alinieleza, nami ninawaeleza. Ndani ya sikio kuko vijinywele vidogo sana. Kila kundi linasikia urefu wake wa sauti. Kelele kubwa inavikunja, na vikikufa havioti tena, hata ukilala mwaka mzima. Vinavyotangulia kufa kwa kelele ya kazi ni vile vya karibu ya 4,000 Hertz. Ile kelele ya mchanga juu ya bati, tss-tss, sehemu yake kubwa inakaa huko juu. Wimbo na besi vinakaa chini zaidi. Njo maana mtu anasikia muziki na anaapa kama anasikia vizuri, na mambo imeshaanza kuharibika.

Na si muziki paka. S, sh, f, k, t za maneno yetu zinakaa huko juu pia. Mtu anaanza kuchanganya "pita" na "pisha". Nyumbani hiyo ni kichekesho. Mbele ya kamyo ya tani 40 inayorudi nyuma, si kichekesho.

Kipimo ni hiki: desibeli 85 kwa masaa 8, hapo unaanza kuwa mu hatari. Ukiongeza desibeli 3, wakati unakatika nusu: 88, masaa 4, 91, masaa 2. Ku desibeli 100 ni dakika 15 kwa siku nzima. Konkasere inafika 100 bila shida. Mashini ya kutoboa mwamba ya hewa inapita 110. Sisi tunafanya masaa 8, wengine 12.

Ku mkutano wa sendika wa juma lile nilikuja na oparlere ya jirani. Wandugu walifikiri kuko bia. Tulikuwa 11, wote wa konkasere na wa kutoboa. Nikapiga muziki ya Mario, nikawaomba wapige kidole ku meza kila mara wanasikia tss-tss. Vijana wawili, walioanza kazi mwaka jana, vidole vyao vilienda sawasawa. Mwingine mmoja alifuata kidogo. Sisi wengine nane tuliangalia vile vidole vyao. Kulikuwa na kicheko kwanza. Halafu hakukuwa tena. Mmoja, mtu mwenye maneno mingi sana kwa kawaida, alisema: "Minafikiriaka bibi yangu ameanza kusema chini-chini juu ya hasira."

Nieleweke: hii si kipimo cha daktari. Oparlere mbaya, chumba chenye makelele, vyote vinadanganya, na umri wenyewe unakula sauti za juu. Usiende kwa mkubwa wa kazi na muziki ya Mario. Lakini kama mtoto wako anasikia na wewe hapana, omba audiogramu.

Papa hakuwa na audiogramu hata moja. Miaka 22 ku konkasere, na pamba ya shuka mu masikio, ambayo haizuii karibu kitu. Alipoacha kusikia, nyumbani tulisema ni kiburi, baadaye tulisema ni uzee. Alikuwa na miaka 47. Siku fundi alileta sauti mu nyumba, papa hakuwa anasikia sehemu kubwa yake. Alikuwa anaiona ku nyuso zetu. Na kwa vile hakuna karatasi, hakuna ugonjwa. Hakuna ugonjwa, hakuna malipo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamwekea mwajiri mzigo wa afya na usalama wa watu wake, na CNSS iko na sehemu ya magonjwa ya kazi. Lakini milango hiyo yote inaomba karatasi.

Njo maana mu orodha yetu ya mazungumzo na mwajiri, mwezi ujao, tumeweka: audiogramu siku mtu anaingia kazi, na moja kila mwaka. Kopi kwa mfanyakazi mwenyewe, aende nayo nyumbani, hata akitoka kazini. Kelele ipimwe ku kila posti na namba ibandikwe ukutani. Na wafanyakazi wa ma-sous-traitant wawe ndani. Hapo njo watatukatalia, ninajua, na hapo njo tusilegee, juu wao njo wanakaa karibu zaidi na mashini.

Kuko na upande wetu pia. Bushoni za masikio zipo ku magazini, na ninaona vijana wanazitia ku mdomo wa sikio kama mapambo. Haisaidii kitu. Uisokote nyembamba na vidole safi, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, uiingize, uishike mpaka ivimbe ndani. Ukisikia sauti yako mwenyewe inakuwa nzito kama uko mu pipa, imeingia. Na bushoni ya mousse si ya mwezi mzima, hata kama magazinié anasema.

Siku ya Mungu iliyopita yaya alikuja kutoka Kipushi. Nilimwomba alete ile daftari. Alisema hajui iko wapi. Alikuja nayo mu mfuko. Kurasa zimekuwa za rangi ya chai, herufi za bic: C, E, G, nukta mbili, mistari na mistari. Mtoto wangu alikuwa amepata programu ya telefone inayoiga mashini ya zamani na BASIC yake. Alikaa masaa mawili anaandika vile shangazi yake anamsomea. Mara ya kwanza mashini ilikataa, kosa ku mstari wa 40. Yaya akasema: "Hapo niliandika vibaya tangu wakati ule, kila usiku nilikuwa nakumbuka kwa kichwa." Akasahihisha.

Ikapiga. Wimbo wa korali, sauti tatu. Yaya alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa: "Polepole. Haikuwa hivi." Mtoto wangu akaniangalia, akaenda ku mipango ya programu, akatoa 60, akaweka 50.

Papa sasa ana miaka 77. Alikuwa ku kiti chake, anaangalia nyuso. Yaya alichukua oparlere ya jirani, akaiweka juu ya magoti yake, akamshika mkono, akauweka pale mbele, ku ile ngozi inayotetemeka. Besi ilikuwa inapita. Papa alikaa vile mpaka wimbo ukaisha. Halafu aliuliza kwa sauti ya juu, vile anaulizaka yote: "Ni ile ordinatere? Mulisema muliuzisha!"

Yaya akainama ku sikio lake, upande wa kuume ambao ni afazali. Alisema kitu ambacho mimi, niliyekuwa nimekaa upande wa kushoto, sikukisikia.